Mgeni rasmi awe mzee wa faili iliyopotea

Wasee, sina shida na watu wa masjala kuvaa suti, kukodi ukumbi wa hoteli hapa Voi na kula kuku wakisikiliza hotuba. Kazi yao ni ngumu na haina shukrani. Wapate jioni yao.

Shida yangu ni nani anapewa maikrofoni. Utasikia mkubwa fulani akisema rekodi ni uti wa mgongo wa taifa. Makofi. Picha. Kwisha.

Buda, hii ni Taita Taveta. Hapa kuna watu wanaitwa maskwota kwenye ardhi waliyozaliwa. Karatasi moja ndiyo inaamua kama una shamba ama unafukuzwa.

Mimi chuo niliacha, lakini kusoma sheria sikuacha. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari. Sheria ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu, na iliziambia ofisi ziweke rekodi zao kwenye kompyuta ndani ya miaka 3. Piga hesabu mwenyewe. Mbona basi mzee anaambiwa "faili haionekani, rudi wiki ijayo"? Nauli ya kutoka Kasigau anarudishiwa na nani?

Pendekezo langu: huyo mzee ndiye awe mgeni rasmi. Mketisheni meza ya mbele, aongee kabla chakula hakijaletwa, aulize swali moja tu: faili yangu iko wapi?

Mwenye jibu ndiye apakuliwe kwanza.