Ndege ya Mti na Fundisho la Nachingwea

Katika vijiji vya Nachingwea na Ruangwa, kama ilivyo katika sehemu nyingi za kusini mwa Tanzania, mtoto huanza uhandisi kabla hajajua kusoma. Hukata bua la mtama, hulichonga kwa kisu, hulichomeka mabawa ya kipande cha boksi na rafadha ya jani, kisha hukimbia nalo kuelekea upepo mpaka rafadha izunguke. Baadaye mtoto huyo huingia shule, na bua lile hubaki nyuma ya nyumba. Darasani hufundishwa kwamba kani ni zao la tungamo na mchapuko. Hulikariri jambo hilo, na akifika sekondari hulikariri kwa lugha ya kigeni. Hufanya mtihani na kufaulu. Ni mara chache mno anapoelezwa kwamba hilo ndilo alilokuwa amelishika mkononi siku zile.

Pengo hilo kati ya bua na kitabu ndilo linalostahili kuzibwa. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba ndege ndogo ya mti, inayojengwa kwa mkono kutokana na seti ya vipande na kuongozwa kwa redio, yaweza kuwa daraja zuri. Lakini hoja hiyo ina sharti lake: seti isomwe kama kitabu, isichezewe kama zawadi ya sikukuu, na ndege ya pili isiwe ya kununuliwa.

Yafaa kwanza ieleweke seti yenyewe ni kitu gani. Ndani ya boksi moja mna vipande vyembamba vya balsa na plaiwudi ambavyo mashine imekwisha kuvikata. Mna fito za kuwa boriti za mabawa. Mna waya wa chuma wa miguu. Na mna mchoro wenye ukubwa ule ule wa ndege itakayojengwa. Mota ya umeme, betri na redio mara nyingi hununuliwa kando. Mjenzi huulaza mchoro juu ya ubao ulionyooka, huufunika kwa plastiki ang'avu ili gundi isishike karatasi, kisha huibana boriti ya chini kwa pini, husimamisha mbavu za bawa moja baada ya nyingine zikiwa wima kabisa, na huziunganisha kwa boriti ya juu. Ubavu mmoja ukienda upande kwa milimita 2, bawa zima huweza kupinda. Na bawa lililopinda halisamehewi hewani kama mlango uliopinda unavyosamehewa nyumbani.

Mifupa ikikauka hupigwa msasa, kisha huvikwa karatasi nyembamba au plastiki laini inayokazwa kwa joto la pasi. Ngozi hiyo si pambo. Huipa hewa uso wa kuteleza, na pia hulizuia bawa lisijisokote. Tumboni mwa ndege huwekwa kipokezi, ambacho hupokea mawimbi kutoka chombo kilicho mkononi mwa mwongozaji, siku hizi kwa kawaida katika masafa ya gigahezi 2.4, na kuziamuru mota ndogo zisukume au zivute vijiti vinavyogeuza usukani wa mkia na kibao cha kuinua au kushusha pua. Ufundi huu si mpya: mapacha wawili wa Marekani, Walter na William Good, walirusha ndege ya mfano kwa redio mwaka 1937, wakati ambapo redio za majumbani zilikuwa bado ni masanduku makubwa ya valvu.

Kabla ya kuruka, ndege hupimwa kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa. Katika ndege ya umbo la kawaida, kitovu cha uzito hutakiwa kiwe kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa, kuanzia ukingo wake wa mbele. Kikienda nyuma zaidi, ndege hukosa utulivu na huinuka pua mpaka ikaanguka. Kwa hiyo mjenzi husogeza betri mbele au nyuma, na katika kuisogeza hujifunza kanuni ya mizani bila kuikariri.

Hapo ndipo hesabu inapopata nyama. Ichukuliwe ndege yenye mabawa ya mita 1.5 kutoka ncha hadi ncha na upana wa sentimita 25. Eneo la mabawa ni mita za mraba 0.375. Ndege hiyo ikiwa na kilo 1.2, itahitaji mwendo wa kama mita 7 kwa sekunde, yaani kilomita 25 hivi kwa saa, ndipo hewa iweze kuibeba. Ikijengwa kwa mbao nzito ikafikia kilo 2.4, mwendo huo hauwi maradufu. Kwa kuwa kani ya kuinua hukua kwa mraba wa mwendo, mwendo unaotakiwa huongezeka kwa kipeuo cha pili cha 2, yaani mara 1.4, ukawa kilomita 35 hivi kwa saa. Mtu asiye makini ataona hasara hiyo ni ndogo. Lakini ndege ile nzito ikigonga ardhi kwa mwendo huo, nishati yake huwa mara 4 ya ile nyepesi: mara 2 kwa uzito, na mara 2 tena kwa mraba wa mwendo. Mwanafunzi aliyepiga hesabu hiyo kisha akaokota vipande vya bawa lake mwenyewe hatahitaji kukumbushwa siku ya mtihani.

Swali la mti ndilo linaloihusu zaidi mikoa ya kusini. Balsa humea Amerika ya Kitropiki, na sehemu kubwa ya ile inayouzwa duniani hutoka Ekuado. Mnamo mwaka 2020 viwanda vya mabawa ya mitambo ya upepo viliigombania kiasi kwamba bei ilipanda na misitu ya Amazoni ikaingiliwa. Nchi inayojenga elimu yake juu ya mti wa namna hiyo imejiweka mikononi mwa soko lisiloijua. Basi na apimwe mtu mti wa nyumbani. Kipande cha sentimita 10 kwa 10, unene wa sentimita 1, kikiwa cha balsa kitakuwa na gramu 16 hivi. Cha msufi kitakuwa karibu gramu 30; cha mninga gramu 60 na zaidi; na cha mpingo kama gramu 120, ambacho kikitiwa majini huzama.

Mpingo unasifiwa ulimwenguni kote kwa zumari na vinanda vya kupuliza, na wachongaji wa Kimakonde wameutukuza. Lakini katika bawa la ndege ndogo hauna nafasi. Ubora wa mti haujulikani mpaka kazi itajwe. Tena, uzito si jambo pekee. Ugumu wa ufito dhidi ya kupinda hukua kwa kipeo cha tatu cha unene wake: ufito wa mti ule ule ukinenepa mara 2, ugumu huwa mara 8. Ndiyo maana mti mwepesi ulio mnene kidogo hushinda mti mzito ulio mwembamba, na ndiyo maana mwanzi, ulio mtupu katikati, ni mwalimu mkubwa kuliko unavyodhaniwa. Wahandisi wa Uingereza waliijua siri hiyo walipounda ndege ya vita ya Mosquito, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1940: kiwiliwili chake kilikuwa balsa iliyobanwa katikati ya plaiwudi, na waliotengeneza sehemu zake nyingi walikuwa mafundi wa samani.

Nachingwea ina sababu yake ya pekee ya kulizingatia fundisho la mfano mdogo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga katika Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Lengo la awali lilikuwa kufyeka zaidi ya ekari milioni 3. Ujumbe uliotangulia, ukiongozwa na John Wakefield, ulikagua nchi kwa wiki chache tu mwaka 1946, na sehemu ya ardhi uliitazama kutoka angani. Yakaletwa matrekta, ikajengwa reli kutoka pwani hadi Nachingwea. Huko Kongwa mvua zilikosekana, na udongo ulipokauka ukawa mgumu kiasi cha kuyashinda majembe ya matrekta. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, na kiasi cha pauni milioni 36 kikahesabiwa kuwa hasara. Reli nayo ilifungwa mwaka 1962.

Kwa maana moja, mradi ule ulikuwa seti: mchoro ulichorwa mbali, vipande vikaja vimekatwa tayari, na wenyeji wakatakiwa wavishike tu vikiunganishwa. Kilichokosekana ni jaribio dogo. Hapakuwa na ndege ya mfano ya kuanguka kwanza kwa gharama ya gundi na fito tatu. Walianza kwa ndege kubwa, na ilipoanguka iliangukia nchi nzima.

Wala karanga zenyewe hazikuwa na kosa. Watafiti wa Naliendele, huko Mtwara, walizirudia kwa njia nyingine: vishamba vidogo, vipimo, kulinganisha mbegu na mbegu, msimu baada ya msimu. Mwaka 1998 ilitolewa mbegu iitwayo Pendo, na mwaka 2009 zikafuata nyingine, mojawapo ikipewa jina la Nachingwea. Zao lililoshindwa kwa matrekta lilistawishwa kwa rula, mizani na subira.

Wako watakaopinga. Watasema kwamba shule isiyo na maabara haina haki ya kununua ndege ya kuchezea. Pingamizi hilo ni zito, kwa kuwa seti pamoja na redio na betri ni fedha nyingi, na fedha hiyo ingenunua vitabu. Jibu ni kwamba kila shule isinunue. Seti moja katika Chuo cha Ualimu Nachingwea, na nyingine katika chuo cha ufundi, zingetosha kuanzia, mradi kila kipande kipimwe uzito, kichorwe upya na kuigwa kabla ya kutiwa gundi. Wengine watasema kwamba siku hizi ndege za sponji na vyombo vya kuruka vyenye rafadha nne hununuliwa vikiwa kamili. Ni kweli, na kazi zake ni kubwa: Zanzibar ilipigwa picha za ramani kwa vyombo visivyo na rubani kuanzia mwaka 2016. Lakini chombo kilichonunuliwa kikiwa kamili humfundisha mtu kukitumia. Hakimfundishi kwa nini kinaruka, na kikivunjika hurudishwa dukani.

Yapo pia masharti ya usalama yasiyofaa kupuuzwa. Vyombo vinavyoruka bila rubani vinasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na Nachingwea kuna kiwanja cha ndege. Hivyo kibali kitafutwe mapema, na pachaguliwe mahali mbali na kiwanja hicho, barabara na watu. Wakati mzuri ni kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, asubuhi kabla upepo haujaamka. Masika si wakati wa kuruka, maana mti hunywa unyevu na bawa hujipinda. Lakini ni wakati mzuri wa kujenga ndani na kupima ni kiasi gani kila mti umepinda.

Utaratibu unaopendekezwa basi ni huu. Ndege ya kwanza ijengwe kwa seti, bila kubadilisha kitu. Ya pili isiwe na mota wala redio: iwe ya kuteleza tu hewani, ya mwanzi, msufi na karatasi, irushwe kwa mkono na umbali wake upimwe kwa futi kamba. Ya tatu ichukue redio na mota za ile ya kwanza, lakini mwili wake wote utoke katika miti ya Nachingwea na Ruangwa. Kila anguko liandikwe katika daftari: uzito, kitovu, upepo, sababu. Mwalimu asiwape wanafunzi alama kwa kuruka peke yake, bali pia kwa kueleza vizuri kwa nini haikuruka.

Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilitaka shule ifunge ndoa kati ya akili na mikono. Mara nyingi ndoa hiyo iliishia kwenye jembe, na wanafunzi wakaliona jembe kama adhabu. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Bawa la kwanza litakalovunjika lisitupwe jikoni liwe kuni. Litundikwe ukutani mwa darasa, na chini yake zibandikwe hesabu zake, ili wale wa mwaka ujao waanzie hapo.