Je, Mtandao wa Kijamii Wamfaa Fundi?

Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikosa umeme wa gridi. Kisiwa kilitegemea waya mmoja uliolazwa chini ya bahari kutoka Bara; njia hiyo ilipopata hitilafu, hapakuwa na ya pili. Fundi ajitengaye na wenzake hana tofauti na kisiwa hicho: akikwama, hana pa kuuliza. Kwa maoni yetu, basi, mtandao wa kijamii wamfaa. Lakini mtandao huo ni kama baraza za mawe za Mji Mkongwe: husemwa humo ya kweli na ya uzushi. Vijana, ulizeni wenzenu; kisha kila jibu lipimeni kwa vyombo kabla hamjalitumia.