TOGWA UGENINI: KIMEA TUKIPATE WAPI, NA TUKOME WAPI



Wasomaji wapenzi, ukurasa wetu wa jikoni mwezi huu unazungumzia togwa. Wapo miongoni mwetu waliolelewa kwa kinywaji hiki Songea, Mahenge au Iringa, na wapo wa pwani waliokionja kwa majirani, wakati wa mavuno au wa kufuturu. Watoto wetu waliozaliwa huku wanalijua jina tu. Nia yetu ni kueleza namna ya kuanza na mahali pa kupata vitu vyake. Lakini kabla ya hayo hatuna budi kueleza kisa kilichotufanya tuandike.

Ramadhani moja nilipika togwa ndoo nzima kwa ajili ya futari ya Jumamosi. Wageni waliisifu, nami, kama yule mgema wa methali, sifa zikanipumbaza. Iliyobaki nikaitia katika chupa za soda, nikazifunga barabara, nikazipanga kabatini karibu na mtambo wa kupashia nyumba joto. Jumanne magharibi shemeji yangu alifungua chupa moja; kifuniko kikaruka, povu likamwagika mezani. Watoto wakashangilia kwamba mama amepika soda. Mama mkwe akainusa, akaiweka chini, akasema kwa upole, "Mwanangu, hii si togwa tena." Tulizimwaga zote. Usiku ule binti yangu akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: kitu kilichokuwa halali Jumamosi kimekuwaje haramu Jumanne, na hali hakuna aliyekitia chochote?

Jibu limo katika kimea chenyewe. Kimea ni nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa, ikasagwa. Punje inapoota hutengeneza vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Ndiyo maana kimea kikitiwa katika uji mzito wenye uvuguvugu, uji huo huwa mwepesi na mtamu bila ya kutiwa sukari. Baadaye bakteria wa asidi, jamaa wa wale wanaogandisha maziwa ya mtindi, huufanya uchachuke. Hiyo ndiyo togwa. Watafiti waliochunguza vyakula vya watoto Tanzania katika miaka ya 1990 walionyesha kwamba uchachu huo hupunguza vijidudu vya kuharisha; wazee wetu hawakukosea kuwapa watoto.

Lakini chachu nazo hukaa katika nafaka na hewani. Zikiachiwa muda na joto huila sukari ile ile na kutoa gesi na kileo. Huko Kilimanjaro kimea cha ulezi hutumiwa pamoja na ndizi kupika mbege, ambayo ni pombe. Basi togwa na pombe ni watoto wa mama mmoja, na kinachowatenga ni muda na uangalizi wa mpishi.

Sasa, kimea tukipate wapi? Tuanze na maduka ya Wahindi, kama yale ya Belgrave Road mjini Leicester, au Southall na Ealing Road huko London. Na katika miji ya Ghuba maduka ya namna hii ni mengi. Ulezi huuzwa kwa jina la ragi, mtama kwa jina la juwar, na uwele kwa jina la bajri. Ununue punje nzima, kwani unga hauoti. Usinunue kamwe mbegu za kupanda shambani, maana aghalabu hupakwa dawa. Pia hupatikana unga wa ragi iliyokwisha oteshwa. Huo ni kimea tayari, ila ukiwa umekaangwa nguvu yake imekufa. Njia ya kuujaribu ni nyepesi: koroga kijiko kimoja katika bakuli la uji vuguvugu. Ukiona umelegea katika nusu saa, unafaa.

Mahali pengine ni maduka ya watu wanaojipikia bia nyumbani. Uingereza iliondoa sharti la leseni kwa wapishi hao mwaka 1963, na Marekani ikawaruhusu kwa sheria iliyotiwa sahihi na Rais Jimmy Carter mwaka 1978. Tangu hapo maduka hayo yalienea. Huko kuna kimea cha shayiri, na ukichagua cha rangi nyepesi kitafanya kazi vizuri. Kile kilichochomwa kikawa cheusi hakifai, wala shira ya kimea ya makopo, ambayo mara nyingi imekwisha tiwa maua machungu ya bia. Kipimajoto, mfuko wa kuchujia na ndoo safi ya chakula pia hupatikana humo. Pakiti za hamira ziacheni rafuni.

Je, Muislamu aingie katika duka kama hilo? Shayiri ni nafaka kama ngano, haina kosa. Lakini kujiepusha na shaka ni katika kulinda dini na heshima, na kila mtu anawajua majirani zake. Ushauri wangu ni kwamba palipo na ulezi pasitafutwe shayiri. Na pale ambapo hapana budi, mtu aingie mchana, anunue nafaka, atoke, na mtoto aliyefuatana naye aelezwe wazi kilichonunuliwa na sababu yake.

Kuotesha ulezi hakuna ugumu. Osha vikombe viwili, loweka usiku mzima, chuja, tandaza juu ya kitambaa kibichi na ufunike kwa kingine. Nyunyiza maji na kuusuuza asubuhi na jioni. Baada ya siku mbili au tatu utaona vichipukizi. Ukiona ukungu au kusikia harufu ya uvundo, tupa wote. Kausha juani, au katika oveni ya moto mdogo kabisa na mlango wazi, kisha fikicha kwa viganja mizizi itoke, upepete na kusaga kwa mashine ya kahawa. Nasisitiza ulezi kwa sababu mtama ukiota, vichipukizi na mizizi yake huwa na sumu ya sayanidi; anayeutumia lazima aviondoe vyote kwa uangalifu. Anayeanza asianze na mtama.

Kwa mapishi, chemsha maji lita 2, upike uji kwa gramu 200 za unga wa mahindi, ukikoroga kwa dakika 20. Uache upoe hadi kidole kistahimili, yaani nyuzi 40 hivi. Tia vijiko vikubwa 5 vya kimea, koroga, funika kwa kitambaa safi. Katika saa moja utakuwa umelegea. Uache mahali pa vuguvugu usiku mmoja, asubuhi uchuje na kuutia katika friji. Aliye Maskati wakati wa kiangazi asingoje muda wote huo. Aonje mapema, kwani joto huharakisha mambo. Kwa watoto wachanga, wajawazito na wenye wasiwasi, ipo njia ya salama zaidi: mara uji unapolegea na kuwa mtamu, uchemshe tena, uupoze upesi na kuutia katika friji. Hautakuwa na uchachu, lakini utamu utabaki, na moto umekwisha ua chachu zilizokuwamo.

Na tukome wapi? Hapa ndipo nilipopata jibu la binti yangu. Katika Sahihi ya Muslim imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitengenezewa nabidhi, yaani maji yaliyolowekwa tende au zabibu. Katika riwaya ya Bibi Aisha, iliyolowekwa asubuhi ilinywewa jioni, na ya jioni ikanywewa asubuhi. Katika riwaya ya Ibn Abbas, hakuendelea kuinywa baada ya jioni ya siku ya tatu. Imepokewa pia kwamba mwanzo aliwakataza watu kuiloweka katika vyombo fulani, kama vibuyu na mitungi iliyopakwa lami, kisha akaviruhusu vyombo na kusisitiza kwamba kila kilevyacho ni haramu. Wanazuoni wameeleza kuwa katika vyombo hivyo kinywaji huweza kuwa kilevi mwenyewe asitambue. Niliposoma hayo nilizikumbuka chupa zangu za soda.

Kwa hiyo nyumbani kwetu tumeweka kanuni nne. Togwa hupikwa ya kutosha siku moja tu. Chombo huandikwa siku na saa iliyotiwa kimea. Hakifungwi kwa kubana, wala hakitiwi sukari wala hamira. Na jioni ya siku ya pili, hata ikiwa bado tamu, iliyobaki humwagwa. Aidha, ukiona mapovu yanapanda yenyewe, au ukisikia ukali wa kupanda puani, usionje kwa kujaribu, mwaga. Huku Ulaya friji hupunguza mwendo wa chachu, haiusimamishi. Mwenye swali la hukumu amwendee sheikh wake, wala asimtegemee mpishi.

Binti yangu ndiye anayeandika saa juu ya mtungi siku hizi. Wiki iliyopita nilisita kumwaga jagi lililobaki nusu. Akalichukua mkononi mwangu, akasoma maandishi yake, akaenda nalo kwenye sinki. Sikumzuia.