Gharama ya Gari Haiishi Siku Linaponunuliwa

Katika nchi yetu jina la gari la fahari hubadilika, lakini fahari yenyewe haibadiliki. Baada ya Uhuru walikuwapo "Wabenzi". Leo yapo "mashangingi", na hata mtoto wa shule ya msingi anajua maana ya "V8". Wananchi wanapoliona gari la namna hiyo likipita huuliza bei yake. Swali hilo ni la haki, lakini si swali kubwa. Swali kubwa ni hili: gari hilo litakula nini kila siku, na nani atakayelilisha?

Hotuba ya Bajeti iliyosomwa Bungeni Juni 2022 ilitoa jibu ambalo kila mtumishi wa umma angepaswa kulikumbuka. Ilielezwa kuwa Serikali hutumia zaidi ya shilingi bilioni 500 kwa mwaka kwa ajili ya magari yake. Katika fedha hizo, ununuzi ulichukua takribani sehemu moja tu katika kumi. Zilizobaki zilikwenda kwenye mafuta, vipuri na matengenezo. Kwa hiyo anayelalamikia bei peke yake anautazama mkia na kumwacha ng'ombe.

Tuchukue mfano mmoja ulio wazi: Land Cruiser 200 ya petroli yenye mashine ya V8 ya lita 5.7. Tusilionee gari hilo, maana ni chombo imara. Lina nguvu ya farasi 381. Ingawa uzito wake unapita kilo 2,600, huweza kutoka kusimama hadi mwendo wa kilomita 100 kwa saa katika muda wa sekunde 7 hivi. Huvuta mzigo mzito, hupanda mlima na kupita kwenye matope bila kutetereka. Mtu anayelisifu kwa hayo hasemi uongo.

Lakini nguvu isiyotumika nayo hulipiwa. Katika maeneo ya makazi sheria inaruhusu kilomita 50 kwa saa, na katika foleni za Dar es Salaam hata mwendo huo ni ndoto. Mashine ya petroli hupunguziwa nguvu kwa kubanwa hewa inayoingia. Kwa hiyo mashine kubwa ikiendeshwa polepole hutumia sehemu ya mafuta kwa kazi ya kuvuta pumzi yake yenyewe. Hata gari likiwa limesimama nje ya ukumbi wa mkutano, huku dereva akisubiri na kiyoyozi kikinguruma, zaidi ya lita moja huteketea kila saa bila kumfikisha mtu popote. Na barabara ikiwa nyeupe, mwendo ukipanda kutoka kilomita 100 hadi 120 kwa saa, nguvu ya upepo inayolizuia gari huongezeka kwa asilimia 44. Umbo kubwa kama kabati halipenyi upepo bure.

Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani lililipima gari hilo. Matokeo yake, yakigeuzwa katika vipimo vyetu, ni kama lita 17 kwa kila kilomita 100, na mjini lita 18. Gari la watu watano la kiasi cha RAV4 hutumia lita 8 hivi kwa mwendo uleule. Walimu wanaweza kuwapa wanafunzi hesabu hii. Gari likienda kilomita 20,000 kwa mwaka, V8 itakunywa lita 3,400, na lile dogo lita 1,600. Tuseme petroli ni shilingi 3,000 kwa lita, kiwango ambacho Dar es Salaam ilikipita mwaka 2022 na tena 2023. Kubwa litatumia shilingi 10,200,000, na dogo 4,800,000. Tofauti ni shilingi 5,400,000 kwa gari moja. Kwa magari kumi katika miaka mitano, tofauti hiyo inafika shilingi milioni 270, na bado hatujagusa karakana.

Huko karakana, silinda 8 zinadai plagi 8 pale gari la kawaida linapodai 4. Oili ya mashine ni lita 7.5 kila inapobadilishwa. Matairi mapana na breki za kulizuia gari zito haviwezi kuwa na bei ya vile vya gari jepesi. Mafuta yote yaliyosafishwa, pamoja na vipuri vingi, tunayaagiza kutoka ng'ambo kwa fedha za kigeni, fedha zilezile zinazoagiza dawa za hospitali. Bandu bandu humaliza gogo.

Wapo watakaosema kuwa nchi ni kubwa na barabara za vijijini ni mbovu. Hoja hiyo ina uzito, lakini inatetea gari jingine. Mganga wa wilaya anayepeleka chanjo wakati wa masika anastahili gari la kazi lenye kuvuta magurudumu manne, kama zile Land Cruiser ngumu za dizeli ambazo vijiji vyetu vimezizoea kwa miongo mingi. Anayetoka nyumbani kwenda ofisini kwa lami hana dai hilo. Na kwa safari ya Dar es Salaam na Dodoma, tangu 2024 ipo treni ya reli ya kisasa. Haitakuwa na maana kiongozi apande treni, kisha gari lake limfuate barabarani likiwa tupu.

Hata watengenezaji wenyewe wameiacha V8 hiyo. Land Cruiser 300 iliyotoka mwaka 2021 ina mashine ya petroli ya lita 3.5 yenye silinda 6, na uzito wake ulipunguzwa kwa kilo 200 hivi. Itakuwa ajabu muuzaji aone haja ya kubana matumizi kabla ya mnunuzi.

Hapana budi tuchukue hatua tatu. Kwanza, gari la umma litolewe kwa kuangalia kazi na barabara, si ukubwa wa cheo. Pili, kila ombi la kununua gari liambatane na hesabu ya mafuta, vipuri na matengenezo ya miaka mitano. Tatu, daftari la safari likaguliwe kila mwezi na mhasibu asiyeogopa kuuliza, naye alindwe anapouliza.

Mwongozo wa TANU wa 1971 ulimkataza kiongozi kuwa na majivuno na kujikweza juu ya wananchi. Onyo hilo halijachakaa. Wahenga walisema, ukitaka uzuri sharti udhurike. Katika jambo hili anayetaka uzuri ni mmoja, na wanaodhurika ni wengine: mwanafunzi anayekaa chini, na mgonjwa anayeambiwa dawa hakuna. Haki haiwezi kuukubali mgawanyo huo.