Uji wa Asubuhi Si Aibu

Je, mama, asubuhi ya leo ulimpa mtoto wako nini? Wengi hapa Bukavu watajibu: chai na mkate. Wengine watasema: uji mwepesi wa muhogo. Tena wako wanaoona haya kupika uji mgeni akiwapo, wakidhani ni chakula cha maskini. Mimi nasema hivi: bakuli moja ya uji mzuri inashinda chai na mkate. Aibu ni kuuza chakula chema na kubaki na kilicho dhaifu.

Tazama soko la Kadutu. Mama wa shamba anauza soja yake yote, ananunua sukari na majani ya chai, kisha anarudi kumpikia mtoto muhogo. Muhogo unashibisha, lakini kushiba siyo kujengwa. Katika gramu 100 za unga wa muhogo, protini, yaani chakula cha kujenga mwili, ni gramu 1 au 2 tu. Katika gramu 100 za soja kavu ni gramu 36 hivi.

Ninyi watu wa Kivu mnaijua bwaki. Miguu na uso vinavimba, nywele zinageuka nyekundu, ngozi inabambuka, mtoto hataki kucheza wala kula. Jirani anasema, "Amenona." Hakunona, ni maji yaliyojaa mwilini. Mwingine anasema, "Amerogwa." Mwaka 1935 daktari Cicely Williams, aliyetumika katika nchi iitwayo leo Ghana, aliuandika ugonjwa huu kwa jina la watu wa huko, kwashiorkor: ugonjwa wa mtoto mkubwa mdogo wake anapozaliwa. Yeye alichunguza chakula cha mtoto, hakutafuta mchawi.

Basi, pika uji ambao huku kwetu unaitwa masoso: mahindi, soja na sorgho, ndiyo mtama.

1. Pima kopo moja la mahindi, moja la mtama na moja la soja. Chagua mawe, osha, anika.

2. Kaanga soja mpaka igeuke rangi na kunukia vizuri, kisha pepeta maganda. Usiache kufanya hivi, maana soja mbichi inazuia tumbo kusaga chakula.

3. Saga vyote pamoja. Usisage unga mwingi wa kukaa muda mrefu. Soja ina mafuta, nayo yanaharibika.

4. Koroga unga kwa maji baridi, mimina katika maji yanayochemka, pika dakika 20 ukikoroga. Uji uwe mzito, ukae juu ya kijiko. Ukitiririka kama maji, tumbo linajaa na mwili unabaki na njaa.

Ukipata sambaza wakavu wa ziwa letu, watwange, utie kidogo. Ndizi mbivu iliyopondwa inaleta utamu bila sukari nyingi.

Utasema, "Makaa ni ghali, na asubuhi nina haraka." Ni kweli, wala sikulaumu. Lakini mtoto akilazwa hospitalini, utapoteza siku nyingi za kazi, na fedha pia. Weka kopo moja la soja nyumbani kabla ya kupeleka mengine sokoni. Haba na haba hujaza kibaba.

Nawe baba, usikae kando. Samaki na maharagwe yakija mezani, ni nani anayepewa kwanza? Mara nyingi ni wewe, na mtoto anapata mchuzi. Gawa vema.

Mambo mawili usiyasahau. Mtoto asiyetimiza miezi 6 apewe ziwa la mama tu. Baadaye ndipo aanze uji, akiendelea kunyonya hata miaka 2 na zaidi. Na mtoto aliyekwisha kuvimba miguu usimtibu kwa uji nyumbani. Mlete hospitali leo, usingoje kesho.