MLIWAAMBIA WAENDE HOSPITALI YA SERIKALI, MBONA MNAWACHEKA DIRISHANI?

Haya sasa, kila wiki ni yaleyale. Staa fulani wa Bongo, jina kapuni, akiposti picha kavaa gauni, mtandao mzima unageuka chuo cha udaktari. Huyu anauliza ana nini ndani, yule anataka aitwe polisi. Staa mwenyewe wala hana presha. Akiumwa, ana hela ya hospitali binafsi.

Anayelipia huo umbea ni mwingine kabisa. Chukulia transjenda wa Bunda anayeuza mitumba. Mtaani anaitwa jina la kike, kitambulisho cha NIDA kina jina la kiume. Homa siku ya tatu. Anafika mapokezi, jina linaitwa kwa sauti, anasimama, benchi zima linageuka. Nesi anamwita mwenzake aje ashuhudie. Jamani, huyo hakwenda kubadili maumbile, kaenda kupima malaria! Anaondoka bila kupimwa, anapitia duka la dawa, anameza za kubahatisha.

Halafu mtu anasema "si waende hospitali kama wengine". Sawa, ila kumbukumbu isiwe fupi. Februari 2017 Wizara ya Afya ilisimamisha huduma kwenye vituo 40 vya mashirika vilivyokuwa vikihudumia makundi yenye hatari kubwa ya VVU. Wizara hiyo, waziri akiwa Ummy Mwalimu, ikasema huduma zilezile zipo kwenye vituo vya afya na hospitali. Hiyo ni ahadi ya serikali. Sasa inakuwaje anayeitikia ahadi anageuzwa kichekesho?

Wale wa "sheria hairuhusu" nao wasome kwanza. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinahusu kuingiliana kinyume cha maumbile. Hakisemi popote kwamba aliyevaa gauni asipimwe damu. Sheria ya UKIMWI ya 2008 ndiyo kabisa, inakataza kuwabagua wenye VVU na inalinda siri za vipimo. Siri, siyo stori ya kufika kijiwe cha bodaboda kabla mgonjwa hajafika kwake.

Kisingizio kingine eti utamaduni. Mara hii hii? Mkoa wenye nyumba ntobhu, ambako mama asiye na mtoto wa kiume humtolea mahari mwanamke mwenzake na watoto wakawa wa nyumba yake? Si kitu kimoja na transjenda, msianze. Ila wazee hawakuzimia kumwona mwanamke kashika nafasi ya mume.

Kenya, Audrey Mbugua alipigania cheti tu cha shule hadi 2014, Mahakama Kuu ilipoamuru baraza la mitihani limpe chenye jina lake jipya. Huku Bunda na Musoma hakuna anayeomba makubwa hayo. Waite namba badala ya jina, basi. Haigharimu hata mia. Homoni ni mjadala mwingine, japo anayezinunua kichochoroni ndiye hasa anayehitaji daktari, na ndiye anayeogopa zaidi kumwona.

Mwenye VVU je? Akichekwa mara moja CTC ya karibu, anaanza kupanda basi hadi Mwanza kufuata dawa asikojulikana. Mwezi nauli ikikosekana, dozi inakatika, virusi vinapanda, na waliocheka wako bize na picha ya staa.