Lami haisomi mkataba: viwanja vyetu vya ndege na wajibu wa kutunza



Tarehe 30 Oktoba 2025, katika mkutano wa Paris juu ya Maziwa Makuu, Rais Emmanuel Macron wa Ufaransa alitangaza kwamba uwanja wa ndege wa Goma utafunguliwa tena kwa ndege za misaada katika majuma yajayo. AFC/M23, waliouteka mji wa Goma Januari 2025, walijibu kwamba hawakushirikishwa. Hapa Uvira habari hiyo ilisikilizwa kwa makini. Uwanja wa Kavumu, uliokuwa mlango wetu wa kwenda Kinshasa, nao ulikuwa umefungwa tangu Februari 2025. Wakati huo mtu wa Uvira aliyetaka kufika Kinshasa alivuka mpaka Kavimvira na kutafuta ndege Bujumbura, au alishuka bandarini Kalundu na kupanda boti ya kwenda Kalemie. Mwenye afya na pesa alifika. Mgonjwa, mjane, au mkimbizi asiye na karatasi za kuvuka mpaka, huyo alibaki.

Mazungumzo mengi ni juu ya nani atatia sahihi na nani atalinda uwanja. Ni maswali ya lazima. Lakini kuna swali moja ambalo halisikiki sana: njia yenyewe ya kurukia ndege iko katika hali gani? Lami haisomi mkataba. Isipotunzwa inaharibika, awe nani anayeshika mji.

Sisi wa bonde la Ruzizi hatuhitaji mwalimu wa jambo hili. Tunajua barabara ya Uvira kwenda Kamanyola inavyoharibika. Ufa mdogo unaingiza maji, maji yanalainisha udongo wa chini, gari zito linapita, na shimo linazaliwa. Mfereji ukijaa takataka, mvua moja inamaliza kazi ya mwaka mzima. Njia ya ndege inaharibika vivyo hivyo, ila hatari yake ni kubwa zaidi. Dereva wa moto akiona shimo anapunguza mwendo na kulikwepa. Ndege kubwa ya abiria inagusa chini ikiwa na mwendo wa zaidi ya kilometa 200 kwa saa, na rubani hana nafasi ya kukwepa kitu. Shimo linaweza kupasua gurudumu au kuvunja mguu wa ndege. Kokoto iliyobanduka kwenye lami inaweza kuvutwa ndani ya injini. Maji yaliyotuama yanafanya magurudumu yateleze, na breki hazishiki. Taa zikifa, au ukuta ukibomoka watu na mbuzi wakawa wanapita, hatari inaongezeka tena.

Mtu asiseme kwamba haya ni mambo ya nchi maskini tu. Tarehe 25 Julai 2000, karibu na Paris, ndege ya Concorde ilianguka muda mfupi baada ya kuruka, na watu 113 wakafa. Wachunguzi walikuta kwamba gurudumu lake lilikanyaga kipande cha chuma cha urefu wa sentimeta 43 hivi, kilichodondoka kutoka ndege nyingine dakika chache kabla. Kipande ambacho mtu angeweza kukiokota kwa mkono mmoja.

Sasa tutazame Goma, maana historia yake inatufundisha. Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ililipuka. Mawe ya moto yalifunika upande wa kaskazini wa uwanja, na njia iliyokuwa na urefu wa meta 3,000 hivi ikabaki na meta 2,000 hivi za kutumika. Hakuna wa kulaumiwa kwa volkano. Lakini miaka ilipita na mawe yakabaki palepale. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya DC-9 ya kampuni ya Hewa Bora ilikuwa inakimbia ili iruke kwenda Kisangani. Rubani alijaribu kuisimamisha, lakini njia ikaisha. Ndege ikatoka nje ya uwanja na kuingia katika mtaa wa Birere, kati ya maduka na nyumba. Wengi wa waliokufa hawakuwa ndani ya ndege. Walikuwa wanauza, wananunua, wanapika. Hawakuwa na tiketi. Mwaka uliofuata, tarehe 19 Novemba 2009, ndege nyingine, MD-82 ya kampuni ya CAA, ilitua Goma, ikashindwa kusimama na kwenda kukwama kwenye mawe hayohayo ya volkano. Watu waliumia, ila kwa neema hakuna aliyekufa. Ni mwaka 2015 ndipo Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 52 kwa ajili ya usalama wa uwanja huo.

Tangu 2002 hadi 2015 ni miaka 13. Ajali ya ndege huwa na sababu nyingi zilizofuatana, na sitaki kusema kwamba ufupi wa njia ndio sababu peke yake. Lakini njia nzuri, yenye nafasi ya akiba mwisho wake, inamsamehe rubani kosa lake na injini hitilafu yake. Njia mbovu haisamehi kitu.

Kama watu wa Biblia, tunalisemaje jambo hili? Wengi wetu, ajali ikitokea, tunakimbilia kusema "ni mapenzi ya Mungu" au "ni uchawi". Torati inatufundisha namna nyingine. Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, mtu anayejenga nyumba anaagizwa kuweka ukuta mdogo kuzunguka dari, ili mtu akianguka, damu yake isiwe juu ya nyumba ile. Mungu hakumwambia mwenye nyumba aombe tu kwamba wageni wasianguke. Alimwambia ajenge ukuta. Na katika sura ya 19 ya kitabu hicho, Israeli wanapopewa miji ya makimbilio, wanaagizwa pia kuitengeneza njia ya kuifikia. Mji wa makimbilio usio na njia haumwokoi mtu. Katika Luka 13 Bwana Yesu anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, na anakataa wazo kwamba walikuwa wenye dhambi kuliko wengine. Wale wa Birere vilevile. Basi tuache kuwatafutia marehemu dhambi, tuulize juu ya mnara.

Miaka kadhaa iliyopita nilisafiri na ndege ndogo kwenda mkutano wa kanisa, mahali ambapo uwanja ni udongo na majani. Siku ya kurudi, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Rubani aliitembea njia yote kwa miguu, akikanyaga kwa kisigino kila baada ya hatua chache. Alipomaliza akatuambia kwamba watu wawili na mizigo yao watabaki, maana udongo umelegea na ndege nzito haitaruka. Mimi nilikuwa mmoja wa hao wawili. Nilikasirika, maana nilikuwa na ibada Jumapili. Mzee mmoja wa kanisa la pale akaniuliza, "Mchungaji, unataka kufika Jumapili, ao unataka kufika?" Baadaye nilijua kwamba wazee hao walikuwa wanapokezana kila juma kufyeka majani na kuzibua mifereji, kwa sababu mama aliyeshindwa kuzaa hakuwa na njia nyingine ya kufika kwa daktari. Hawakuwa na bajeti. Walikuwa na panga, jembe na orodha ya zamu.

Lakini viwanja vikubwa havitunzwi kwa panga na jembe. Vina shirika la serikali, RVA, na vina pesa ambazo msafiri analipa. Tangu 2009 kila abiria analipa Go-Pass. Ilipoanza ilikuwa dola 10 kwa safari ya ndani na dola 50 kwa safari ya nje, na tuliambiwa ni kwa ajili ya kuendeleza viwanja. Kuuliza pesa hiyo imetengeneza nini Kavumu na Goma si uasi. Mkristo anayelipa kodi anayo haki ya kuomba hesabu, kama vile waamini wanavyomwomba mtunza hazina wa paruasi hesabu ya sadaka.

Kwa hiyo, kabla ya kushangilia kufunguliwa kwa Goma, au siku moja Kavumu, tuulize mambo manne kwa upole na bila kuchoka. Je, kuna fundi aliyeikagua njia yote, kutoka mwanzo hadi mwisho, na kuhakikisha hakuna mabomu wala vyuma vilivyoachwa na vita? Mifereji, taa na gari la zimamoto vinafanya kazi? Watu wanaoishi mwisho wa njia wamefikiriwa? Na baada ya ndege ya kwanza kutua mbele ya kamera, nani atalipwa kufagia uwanja mwezi wa sita?

Tuombe amani, ndugu na dada, na tuombe bila kukoma. Lakini amani nayo inahitaji zamu ya kufyeka majani. Jumapili hii, mkitoka ibadani, tazameni paa la kanisa lenu na mfereji ulio mbele ya mlango. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Goma ufa haukuzibwa, na watu walizikwa kabla ukuta haujajengwa.

Bwana awalinde wote wanaosafiri, kwa maji, kwa barabara na angani. Amina.